Bei ya Mguu wa Thadeo

Machi 9

Masika yameanza leo saa nane mchana, na saa tisa mdogo wangu Thadeo amelazwa. Ametoka Kibara kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mke wake, mguu wa kushoto umezungushiwa kanga. Wiki tatu zilizopita alikanyaga mwiba wa samaki aina ya gogogo akisukuma mtumbwi. Mwiba ulitoka, kidonda kikabaki, na kila aliyemwuliza alijibiwa kwamba kinakauka. Leo wamempima damu wakakuta sukari iko juu sana. Ana miaka arobaini na sita, na hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, aliyejua kwamba ana kisukari.

Hospitali ni ya mtu binafsi, ile ambayo watu wa Bunda wanaiita ya mlimani. Dorotea, mke wake, ndiye aliyeichagua kwa sababu mama yake alipona hapo. Mimi sikuulizwa. Ninakaa Manyamanyama, sina mume wa kumpikia wala darasa la kuwahi tangu nilipogombana na mkuu wa shule nikaacha kazi, kwa hiyo nitakuwa hapa kila siku na nitaandika kila siku. Nimefundisha uraia miaka ishirini na mbili. Najua kwamba jambo lisiloandikwa hukanushwa.

Machi 10

Mvua. Kidonda kimesafishwa. Thadeo amekunywa uji.

Machi 12

Utaratibu wa hapa ni huu. Asubuhi daktari anapita, anamwangalia mgonjwa, anaandika kwenye kompyuta yake. Ndugu wa mgonjwa anapewa karatasi, anashuka nayo dirisha la malipo. Dirishani yuko binti anaitwa Debora. Anaangalia kompyuta yake, anataja kiasi. Ukilipa anagonga muhuri, unapanda na karatasi, ndipo kipimo kinafanyika au sindano inachomwa. Usipolipa, hakuna kinachotokea.

Leo tumeshuka mara nne. Mara ya nne Debora alitaja elfu sitini na tano kwa kipimo cha damu ambacho nilikilipia juzi. Nilipanda ngazi nikiwa nimeshawaka. Nikamkuta Daktari Samwel kwenye korido nikamwuliza, mbele ya wauguzi na wagonjwa, kwa nini anawakamua wavuvi. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, macho mekundu ya kutolala.

Akauliza, “Elfu sitini na tano?”

Nikamwambia asijifanye.

“Mwalimu, mimi bei sizionagi. Kwangu linatokea jina la kipimo tu.”

Nikamwita mwongo. Akaingia chumbani kwake, akanigeuzia kompyuta. Majina ya vipimo, tarehe, visanduku vya kuweka alama. Hakuna tarakimu hata moja ya fedha. Nikashuka tena kwa Debora nikamwomba aniangalizie ya kwake. Kwake bei zipo, lakini ugonjwa haupo. Hajui kama anapokea fedha za kumwokoa mtu au za kurudia jambo lililofanyika juzi. Daktari anajua sababu, Debora anajua kiasi, na hao wawili, alivyoniambia Debora mwenyewe, hawajawahi kukaa meza moja. Kati yao kuna ngazi kumi na tisa. Nimezihesabu, maana ndizo Dorotea anazozipanda na kuzishuka kutwa.

Machi 13

Fundi baiskeli wa sokoni Bunda anakutajia bei kabla hajalaza baiskeli. Mama wa dagaa anakuonyesha kisado, anakwambia hiki kiasi hiki, ukitaka ondoka. Fundi cherehani, kinyozi, mchimba kaburi, wote wanataja kwanza. Ni hospitali peke yake unapokuta umeshanunua ndipo uambiwe umenunua nini. Wanasema tiba si bidhaa, haifai kutundikiwa bei. Nimesoma hoja hiyo kwa lugha mbili na kutoka nchi zaidi ya kumi, na kila mahali anayeitoa ndiye anayeshika fedha. Bei ipo. Kinachokosekana ni kuitaja kabla mtu hajavua shati.

Machi 15

Nimechukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Kila karatasi inayorudi kutoka dirishani naandika bei juu yake, kubwa, kisha nazipanga kitandani kwa Thadeo kabla daktari hajapita.

Daktari Samwel amezisoma zote akiwa amesimama. Akarudia moja. “Hii sindano ni elfu ishirini na nane?”

“Mara mbili kwa siku,” nikamwambia. “Siku ya saba leo.”

Akakaa. Akasema iko nyingine inayofanya kazi ile ile, ya elfu tisa, na kwamba aliandika ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayotokea juu kwenye orodha. Akaibadilisha pale pale. Akafuta na kipimo kimoja. Hakunitazama usoni wakati wote huo.

Alipoondoka Thadeo akacheka mpaka mguu ukamwuma. “Dada, daktari umemwumiza kuliko mimi.”

Machi 18

Mvua usiku kucha. Wanasema barabara ya Kibara imeanza kulika.

Machi 21

Wodi nzima sasa inanipa karatasi zao. Mzee wa kitanda cha dirishani, ambaye hajui kusoma, anataka bei yake iandikwe hivyo hivyo, kwa nyekundu. Daktari anapita polepole zaidi. Anauliza, “Hii mnaiweza? Tukisubiri kesho na hii?” Sijawahi kumsikia daktari akiuliza hivyo. Nilimhukumu vibaya kijana huyu na nimemwambia. Akasema chuo walifundishwa dozi, hawakufundishwa bei.

Asiyefurahi ni Dorotea. Amenivuta nje penye mabomba akaniomba nisitaje kiasi karibu na kitanda. Ana sauti ndogo, lazima uinamishe kichwa.

“Mgonjwa haambiwagi bei, wifi. Akijua, anaanza kujipima.”

Nikamwambia huo ndio ujinga unaowanenepesha wenye hospitali. Akaendelea kufua. Ni kweli kwamba kwetu ndivyo ilivyo: fedha za mgonjwa zinatafutwa kimya kimya, mgonjwa anaambiwa ni kidogo tu, zimepatikana. Baba alikufa akiamini alitibiwa bure. Mimi nililipa deni lile miaka mitatu. Heshima gani hiyo ya kumdanganya mtu mzima?

Machi 26

Nimekwenda Musoma kwa mwenye hospitali. Ofisi yake inatazama ziwa, maji yamepanda mpaka kwenye miti. Kanikaribisha soda. Kasema bei zikitundikwa wagonjwa wataogopa. Nikasema afadhali waogope mlangoni kuliko dirishani. Kasema bei zinabadilika. Nikasema na chaki inafutika. Mwisho nikamwambia kwamba Alhamisi ya wiki ijayo saa nne asubuhi nina nafasi redioni, na kwamba nitazisoma karatasi za mdogo wangu moja moja na jina la hospitali.

Soda sikuinywa. Ubao utatundikwa Jumamosi.

Machi 28

Mjomba Eliasi amekuja kutoka Butiama, ndugu wa mama pekee aliyebaki. Amefunua shuka, ameangalia mguu kwa muda mrefu, amefunika. Amezungumza na Dorotea nje kidogo. Ameondoka. Hata hela ya maji ya kunywa hakuacha, na ana zizi.

Machi 30

Ubao umetundikwa ukutani mkabala na mlango wa wodi ya wanaume, herufi nyeusi, unasomeka hata kitandani. Kumwona daktari, kulala, kipimo kimoja kimoja, kusafisha kidonda, upasuaji mdogo, upasuaji mkubwa. Watu wamejaa mbele yake. Debora amepanda ngazi kuuangalia. Ameniambia ni mara ya kwanza anajua bei zake ni za kitu gani.

Nimekaa kwenye benchi nikautazama kama saa nzima. Sioni aibu kuandika kwamba nilifurahi.

Machi 31

Pasaka. Mguu unanuka. Vidole viwili vimekuwa vyeusi.

Aprili 2

Daktari Samwel ametuita mimi na Dorotea. Kisukari kimeua mishipa, sumu inapanda, mguu lazima ukatwe chini ya goti kabla ya Jumamosi. Kisha akafanya jambo ambalo mwezi uliopita asingelifanya: akatutajia gharama yote, kuanzia kisu mpaka bandeji ya mwisho. Milioni moja na laki sita. Akasema hospitali ya serikali ni nafuu, anaweza kuandika barua, ila hajui foleni ya upasuaji ni ya siku ngapi. Alikuwa anatoka jasho. Nilimheshimu sana.

Mimi nina laki tatu. Dorotea ana elfu arobaini. Nilishapanga zilizobaki zitakavyopatikana: Alhamisi ningetoa mfano wa Thadeo redioni, jina na kijiji, na namba ya simu ya kupokelea michango.

Koridoni Dorotea alinishika mkono. Hajawahi kunishika.

“Wifi, usimwambie. Subiri mpaka Ijumaa.”

Nikamwuliza Ijumaa kuna nini. Akasema ninaomba tu, subiri. Nikamwuliza tena. Akarudia hayo hayo. Nikamwambia kwamba mguu ni wa Thadeo, si wangu wala wake, na kwamba mwezi mzima nimepigania mtu aambiwe bei kabla, sasa nifiche ya ndugu yangu mwenyewe? Akaniachia mkono.

Niliingia nikamwambia. Nilimwambia vizuri, kwa mpangilio: ugonjwa, kisu, kiasi, hospitali nyingine, redio. Alisikiliza akiutazama ubao juu ya bega langu. Akauliza kama ni kwa mguu mmoja. Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo.

“Basi unanizidi bei mimi mzima.”

Kisha akauliza kiasi gani kimeshatumika. Nikamtajia. Nilimwona akihesabu midomo ikicheza: shamba la mihogo, hisa yake kwenye mtumbwi, ada ya mtoto wake Isaya. Akaomba nisimtaje redioni. Nikamwambia hakuna aibu katika kusaidiwa. Akasema, “Usinitangaze, dada.” Akanishukuru. Akasema mimi peke yangu ndiye niliyemwona ni mtu mzima.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua yote kichwani, na sikuisikia.

Aprili 3

Kitanda ni kitupu. Ametia sahihi saa kumi na mbili asubuhi kwamba anaondoka kwa hiari yake. Hadaiwi kitu, maana hapa unalipa kabla. Daktari alimfuata mpaka getini akimsihi. Dorotea alimsihi mpaka akapiga magoti kwenye maji. Alimjibu kwamba angekuwa hajui bei angelala akatibiwa, lakini ameshaijua, na hawezi kununua mguu wa kukatwa kwa chakula cha watoto.

Aprili 4

Sikwenda redioni. Nimekwenda Kibara. Bodaboda ilinishusha penye barabara iliyokatika, nikavuka kwa miguu, maji magotini. Thadeo yuko uani kwake kwenye mkeka, mguu juu ya kigoda, majani yamepondwa na kufungwa juu ya kidonda. Anazungumza vizuri. Nilimwambia kuhusu hospitali ya serikali, kwamba ni nafuu.

“Nafuu nayo ni bei,” akasema.

Nimemgombeza, nimembembeleza, nimemwekea laki tatu mkononi. Amezirudisha kwenye mkoba wangu mwenyewe na kuufunga zipu. Jioni joto la mwili limepanda. Nimelala hapa hapa.

Aprili 5

Hatutambui. Ananiita mama. Vijana wanne wamembeba kwa machela ya miti mpaka kwenye barabara iliyokatika, na maji yalikuwa yamefika kifuani. Wamejaribu mara mbili. Mara ya pili mmoja aliteleza. Tumerudi. Nimepiga simu kwa kila mtu ninayemjua mwenye gari au cheo. Mtandao unakuja na kukatika.

Aprili 6

Thadeo amefariki saa kumi na moja alfajiri. Dorotea alikuwa amemshika kichwa, mimi mguu ule mzima.

Aprili 8

Nataka kuandika jambo hili kwa utaratibu.

Jumamosi ile, wanawake walikuwa wameshaanza kulia, saa nne hivi, Mjomba Eliasi alitokea kwenye njia ya ziwani akiwa peke yake, suruali imelowa mpaka kiunoni. Alisimama mbali. Alielewa kwa kusikia. Akaja akaketi chini ukutani, na kutoka ndani ya koti akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi, akaushika magotini. Ndani yake kulikuwa na milioni moja na laki nane.

Alikuwa ameuza ng'ombe watatu. Wawili wake, mmoja wa watoto wake. Siku ile alipokuja hospitali akaangalia mguu na kuondoka, alimwuliza daktari tu kama unaweza kufikia kukatwa, akaenda kuwachagua. Mnada ulikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi alikuwa kwenye dirisha la Debora na mfuko wake, Debora akamwambia mgonjwa aliondoka. Alilala Bunda, simu haikupatikana, alfajiri akaja. Aliyepewa fununu ni Dorotea peke yake, nayo ilikuwa neno moja: mtulie mpaka Ijumaa. Naye alikatazwa kulisema, hata kwa mume wake. Kwetu mchango wa mtu aliye hai hautangazwi. Mchango unaotangazwa ni wa msiba.

Jioni nilimfuata Mjomba nyuma ya nyumba. Nilikuwa na hasira, na nilizielekeza kwake kwa kuwa sikuwa na pengine.

“Mngeniambia, mjomba.”

Hakukasirika. Macho yake hayaoni vizuri, alikuwa ananitafuta nilipo. “Mpwa wangu, ukijua wewe, redio nayo inajua. Tuliogopa atasikia. Tulijua akisikia atakataa.”

“Kwa hiyo ni mimi?”

“Sijasema hivyo,” akasema. Na hakusema ni nani.

Tumemzika leo. Kaburi lilikuwa linajaa maji, vijana wakiyachota kwa ndoo huku padri akisoma. Ng'ombe wa nne, aliyekuwa ametengwa ikiwa bei ya hospitali itazidi, ameletwa kwa kuzungushwa barabara ya mbali na amechinjwa kwa ajili ya waombolezaji. Dada wa marehemu hutengewa fungu lake. Wameniletea kwenye sahani, na wanawake wote walikuwa wananitazama. Nilikula.

Aprili 11

Siwezi kulala, kwa hiyo nabishana. Nabishana na Thadeo, na Mjomba, na yule bwana wa Musoma na soda yake. Kila mmoja namshinda. Thadeo alikuwa na haki ya kujua. Mjomba alikosea kuficha. Hayo yote ni kweli na nitayasema popote. Lakini bei niliibandika ukutani kwa herufi nyeusi, mahali ambapo mtu aliyelala anaisoma, na msaada ulikuwa umefichwa ndani ya koti la mzee. Mdogo wangu alisoma kilichokuwa kinasomeka. Nilifundisha uraia miaka ishirini na mbili na sikujua kwamba ukweli nusu unaweza kusimama ukutani umenyooka hivyo.

Na Dorotea aliniomba siku tatu. Siku tatu tu. Mimi niliyewafokea madaktari kwa kutosikiliza.

Aprili 15

Mvua. Tumepalilia mihogo.

Aprili 23

Mvua. Dorotea amekohoa usiku kucha, hataki kwenda zahanati. Sikumwuliza kwa nini.

Mei 5

Mvua zimepungua na barabara inapitika. Nimebaki Kibara, kazi za shamba ni nyingi na mikono ya Dorotea ni miwili. Leo mchana, tulikuwa uani tunamenya mihogo, Daktari Samwel alikuja kutoa pole. Alikuwa hajui pa kusimama. Dorotea alimpa kigoda.

Alipomaliza pole alisema alilojia. Tangu ubao utundikwe, wagonjwa wengi wanatozwa kidogo kuliko zamani, maana yeye mwenyewe hawezi tena kuandika kipimo bila kujua bei. Lakini sita wameusoma na kuondoka. Watatu anajua walipasuliwa kwingine na wako hai. Watatu hajui. Mwenye hospitali sasa anataka kuushusha, na sababu anayoitoa ni Thadeo. Anasema hata Mwalimu mwenyewe hatapinga.

“Mimi nitafanya utakalosema,” daktari akasema. “Ulimi umekuwa mzito. Jana nilimwandikia mama mmoja upasuaji nikashindwa kumtajia.”

Dorotea alikuwa ameacha kumenya. Kisu kilikuwa mkononi, ganda limening'inia. Nilijua anasubiri nini. Na nilijua ningeweza kumpa, kwa neno moja, na kwamba pengine tungekuwa ndugu tena baada ya hapo.

Nikamwambia daktari ubao ubaki. Nikamwambia aandike chini yake, kwa herufi kubwa zile zile, kwamba mtu anaweza kulipa kidogo kidogo, na hospitali gani ni nafuu, na kama mwenye hospitali hakubali kulipwa kidogo kidogo basi nakwenda Musoma kesho. Nikamwambia asimtajie mtu bei akiwa peke yake kitandani. Ndugu zake waitwe kwanza, wote, hata wa mbali, waulizwe wana nini. Lakini atajiwe. Wamtajie.

Nilipogeuka Dorotea alikuwa ameshainuka. Aliosha mikono, akaingia ndani, akafunga mlango. Daktari aliondoka bila kunywa chai.

Mei 6

Hatujazungumza tangu jana. Asubuhi nilipotoka nimekuta ameniwekea ndoo ya maji ya moto bafuni, na sabuni juu ya jiwe, kama anavyofanya kila siku. Kisha ameenda shambani peke yake.

Nimeoga. Nimechukua jembe, nimemfuata.